Nywele nene za mawimbi ukishavuka hamsini: maswali na majibu

Nywele zangu zilikuwa nene, za mawimbi, na zilikuwa zikilala. Tangu nikome hedhi zimekuwa kavu na zinatimka. Je, ni ugonjwa?

Mara nyingi si ugonjwa. Wanawake wengi hukoma hedhi kati ya miaka 45 na 55. Estrojeni ikishapungua, vitezi vya mafuta vya ngozi ya kichwa navyo hupunguza kazi, na mafuta hayo ndiyo yaliyokuwa yakizilainisha nywele bila wewe kuhangaika. Kwenye nywele zenye mawimbi, hata hayo machache yanayotoka hukwama kwenye mipindo, yasifike nchani. Kisha kuna mvi. Unywele wa mvi hauna rangi yake ya asili, na mara nyingi huota ukiwa mkavu na mkaidi kuliko wenzake. Ndiyo maana zile nyeupe za mbele husimama hata uzipake nini.

Ila kama ukavu umekuja pamoja na uchovu, kuhisi baridi, kufunga choo na kunenepa bila sababu, omba upimwe thairoidi. Tezi hiyo ya shingoni ikizembea, nywele hukauka na kunyonyoka. Wingi wa damu nao upimwe.

Mbona nikiwa Arusha zinatulia, nikirudi Tanga zinafumka?

Ni unyevu wa hewa. Unywele umefunikwa magamba madogo yaliyopandana kama makuti ya paa. Yakiinuliwa na ukavu, moto au dawa, maji ya hewani hupenya, unywele huvimba na kila mmoja hujipinda kivyake. Ndiyo maana ukizipiga pasi asubuhi ya masika, ukifika harusini zimesharudi zilikokuwa.

Nizioshe vipi?

Kwa nywele kavu, shampuu mara moja kwa wiki inatosha wengi. Ukitoka jasho sana katikati ya wiki, suuza kwa maji na upake kondishona. Wanaooga josho la ibada wasidhani ni lazima shampuu kila mara: maji yenyewe yanatosha. Sabuni ya mche iache kwenye nguo, kwani ina magadi, na magadi huyainua magamba yale.

Kinachobadilisha mambo hasa ni kinachofuata. Chana nywele zikiwa zimelowa na zina kondishona, kwa chanuo la meno mapana, ukianzia nchani na kupanda juu. Suuza, kisha uzikamue kwa fulana ya pamba iliyochakaa badala ya kuzisugua kwa taulo. Paka kondishona nyepesi ya kuacha kichwani, zifinye kwa viganja kutoka nchani ili mawimbi yajikusanye, halafu uziache. Zikishakauka, usizichane tena! Wengi huharibu hapo: chanuo kwenye nywele kavu hutawanya mawimbi, na unabaki na timtimu.

Mafuta ya nazi yana sifa ambayo mafuta mengine mengi hayana, nayo ni kupenya ndani ya unywele na kupunguza protini inayopotea wakati wa kuosha. Yapake kiasi, saa chache kabla ya shampuu. Mwenye mba asiyamimine kwenye ngozi ya kichwa, maana fangasi wanaohusika na mba hula mafuta. Yeye apake nywele tu.

Msusi ananiambia niweke dawa, au keratini, zilale. Nikubali?

Kwa umri huu, mimi ningekataa. Dawa ya kunyoosha ni kemikali kali inayovunja viungo vya ndani vya unywele, na nywele za mvi tayari ni kavu. Mwaka 2022, watafiti wa serikali ya Marekani walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wanawake 33,497 kwa takriban miaka 11. Kwa waliotumia bidhaa za kunyoosha nywele zaidi ya mara 4 kwa mwaka, hatari ya kupata saratani ya mji wa mimba kufikia miaka 70 ilikadiriwa kuwa asilimia 4.05, wakati kwa wasiozitumia ilikuwa asilimia 1.64. Utafiti wa namna hiyo hauthibitishi kwamba dawa ndiyo chanzo, lakini kwa jambo la urembo tu mimi sioni haja ya kubahatisha.

"Keratini" ya saluni nyingi huwa na formaldehaidi, au kemikali inayoitoa ikipigwa pasi. Moshi ule unaochoma macho ndio huo. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiweka formaldehaidi kwenye orodha ya visababishi vya saratani kwa binadamu mwaka 2004, na msusi wako anaivuta siku nzima.

Pasi ya siku moja moja, kwa sherehe, si dhambi. Nywele ziwe kavu kabisa na joto lisipite nyuzi 180.

Na mvi? Nipake piko?

Hina halisi hugeuza mvi kuwa za rangi ya chungwa au nyekundu, na wengine huipenda hivyo. Piko ni jambo jingine: ndani yake kuna kemikali iitwayo PPD, ile ile ya rangi nyingi nyeusi za nywele. Ikiwa uliwahi kuchorwa piko mkononi ukatoka malengelenge, usiiweke kichwani kamwe, maana safari hii uso mzima unaweza kuvimba. Hata asiyewahi kudhurika ajaribu tone nyuma ya sikio na asubiri saa 48.

Mama yangu ana miaka 74, ana kisukari, na mabega hayainuki. Hawezi kujisuka.

Mabega kukakamaa huwapata sana wenye kisukari, kwa hiyo anahitaji pia mazoezi ya viungo. Kuhusu nywele, mwambie azikate zifike mabegani: zitakuwa nyepesi kuosha, na mikia miwili iliyolegea itamtosha. Usiku ajifunge kitambaa cha satini. Saluni msimwache alaze shingo kwenye ukingo wa beseni muda mrefu. Tangu 1993 madaktari wameandika kuhusu kiharusi, cha nadra, kilichotokana na shingo kupinda nyuma namna hiyo. Awekewe taulo nene chini ya shingo, au aoshwe akiwa ameinama mbele.

Ni wakati gani nimwone daktari?

Ukiona utosi unapungua nywele na kuwasha au kuchoma, paji la uso linazidi kupanda huku nyusi zikipotea, au kingo zinaliwa na misuko ya kubana. Nenda mapema, kwa sababu baadhi ya magonjwa haya huacha kovu, na penye kovu nywele haioti tena. Siku ya kwenda, fumua misuko yote, usipake mafuta, na ubebe dawa zote unazotumia, hata za presha.