Je, wajua moshi wa gari ukishapotea machoni unaenda wapi?

Lori likipanda mlima linatema moshi mweusi tii, watu wanaziba pua, baada ya muda kidogo moshi hauonekani tena na kila mtu anashusha pumzi. Sasa hapo ndo pa kuogopa, maana ule moshi umetawanyika tu, vile vipande vyake vidogo kabisa bado vinaelea palepale na unavivuta bila kujua.

Vumbi la kawaida pua inalidaka, vinyweleo na makamasi vinafanya kazi yake, unapiga chafya yanaisha. Lakini dizeli, petroli au makaa ya mawe yakiungua yanatoa chembe zinazoitwa PM2.5, yaani upana wake hauzidi mikromita 2.5, wakati unywele mmoja wa kichwani ni kama mikromita 70 hivi. Pua haiziwezi hizo. Zinashuka mpaka kwenye vifuko vya hewa mwisho kabisa wa mapafu na zile ndogo zaidi zinapenya hadi kwenye damu, ndo maana hewa chafu haiishii kwenye kikohozi na pumu, inaleta mpaka kiharusi na ugonjwa wa moyo, na hili wengi hawalijui kabisa.

Halafu kuna chembe ambazo zinazaliwa hukohuko hewani. Makaa ya mawe yana salfa, ikiungua inatoka kama gesi ya salfa dioksaidi ambayo haina rangi, ikifika juu inakutana na unyevu na oksijeni inageuka chembe za salfeti, na kwa vile hiyo kazi inachukua masaa au hata siku, upepo unakuwa umeshaibeba mbali sana. Mtu anaumwa kwa moshi wa mtambo ambao hajawahi hata kuuona, inauma kwa kweli.

London, tarehe 5 mpaka 9 Desemba 1952, hewa ilituama na moshi wa makaa ukakwama chini, vifo vilivyohesabiwa wakati ule vilikuwa kama 4,000, watafiti wa baadaye wakasema huenda vilifika 12,000. Uingereza ikatunga sheria ya hewa safi mwaka 1956. Ule ulionekana, kwa hiyo watu walishtuka. Huu wa sasa mwingi hauonekani, na mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilishusha kiwango cha PM2.5 linachoshauri kisipitwe kwa wastani wa mwaka kutoka mikrogramu 10 hadi 5 kwa kila mita ya ujazo, kiwango ambacho hewa inaweza kukipita mara kadhaa na anga bado likawa la bluu.