Mguu Kifundo: Kunyooka Si Kupona

Haipiti kliniki hapa Tanga bila mzazi kuniambia, kwa furaha ya kweli, kwamba mguu wa mwanawe aliyezaliwa na mguu kifundo, yaani unyayo uliopinda kuelekea ndani, umeshanyooka, kwa hiyo ameviweka kando viatu vya tiba vilivyounganishwa kwa chuma. Hakuna kauli inayonisikitisha kama hiyo, kwa sababu mara nyingi nikimshika mtoto huyo nakuta kisigino kimeanza kupanda na unyayo umeanza kurudi ndani.

Plasta za kila wiki, ambazo kwa kawaida huwa 5 hadi 7, pamoja na mkato mdogo wa kano ya kisigino ambao watoto wengi huuhitaji, kazi yake ni kuunyoosha mguu. Kinachouzuia usirudi ulikotoka ni viatu. Mvuto ulioupinda mguu tumboni hauishi siku plasta ya mwisho inapoondolewa, bali huendelea kwa miaka. Ndiyo maana tiba ya Ponseti, yaani hii ya plasta, mkato na viatu, hutaka viatu vivaliwe saa 23 kwa siku kwa miezi 3 ya mwanzo, kisha usiku na wakati wa usingizi wa mchana hadi mtoto afikishe takriban miaka 4. Hata kama mguu wenye tatizo ni mmoja, huvaliwa viatu vyote viwili, maana bila kile chuma cha katikati unyayo hauwezi kushikiliwa ukiwa umegeukia nje. Mtoto atalia siku za mwanzo, kisha atazoea. Bibi anayemfungulia mikanda usiku kwa huruma anamrudisha kwenye plasta.

Mama hakusababisha hali hii kwa kumcheka mlemavu wala kwa kutoka nje mwezi ulipopatwa. Hutokea kwa takriban mtoto 1 kati ya 1,000, wavulana zaidi ya wasichana, na urithi una nafasi yake. Kukanda kwa mafuta ya nazi hulainisha ngozi tu, na kusubiri mtoto atembee ndipo mguu ujinyooshe ni kumwachia akanyagie ubavu wa mguu.

Nawasihi wazazi wamvishe mtoto soksi za pamba, wakaze mkanda wa katikati kwanza, kisha wachungulie tundu la nyuma ya kiatu kuhakikisha kisigino kimekaa chini. Wekundu usipakwe mafuta. Malengelenge yakitokea, mara nyingi kiatu kimelegea. Mtoto aletwe kliniki na viatu vyake, visiachwe nyumbani.