Rimatisimu: vinini vinavyotuliza na vinavyotibu

Haya ndiyo watu husema, na majibu yake.

"Baridi ya Ziwa Kivu ndiyo inayoleta rimatisimu."
Baridi hukaza viungo vilivyokwisha kuugua, basi. Rimatisimu tunayoizungumzia hapa, ile madaktari huiita artriti ya rumatoidi, ni kinga ya mwili kushambulia viungo vyake. Dalili yake kubwa ni vidole kuvimba na kukaza asubuhi kwa saa nzima au zaidi.

"Sindano ya diklofenaki haiumizi tumbo, maana haipiti tumboni."
Inapita kwenye damu, na damu inafika tumboni. Dawa hii inazima kemikali za maumivu, ila baadhi yake ndizo zinazolinda ukuta wa tumbo. Sindano isizidi siku 2. Kinini cha miligramu 50 kimezwe baada ya chakula, si zaidi ya 3 kwa siku. Ukichanganya na ibuprofeni, dawa ya jamii hiyohiyo, unaongeza vidonda vya tumbo, si nafuu. Choo kikiwa cheusi kama lami, acha dawa na uende hospitali siku hiyohiyo.

"Dexa inaponyesha."
Dexa ni deksametasoni, dawa ya jamii ya steroidi, nayo ndiyo inayodanganya kuliko zote. Anayeinunua Kadutu, mjini Bukavu, bila karatasi ya daktari anaamka bila maumivu, anakula vizuri, mashavu yanajaa, na majirani wanampongeza kwa kunenepa. Kumbe uso huo wa mviringo ni madhara ya dawa. Sukari na presha vinapanda, mifupa inadhoofika, maambukizi yanajificha. Tena mwili unaacha kutengeneza kortizoli yake, homoni inayofanana na dawa hii: aliyemeza kwa zaidi ya wiki 3 akiacha ghafla anaweza kutapika, presha ikashuka, akaanguka. Inapunguzwa kidogo kidogo, daktari akihesabu. Daktari mwenyewe huandika predinisoloni kidogo, steroidi nyingine, iwe daraja la kungojea dawa inayotibu, kama metotreksati.

"Metotreksati nimemeza wiki 2, haina kazi."
Inahitaji wiki 6 hadi 12. Haitulizi haraka, lakini ndiyo inayozuia kiungo kisiliwe. Humezwa mara moja kwa WIKI. Chagua siku, tuseme Jumapili, uiandike kwenye boksi. Anayeimeza kila siku huanza na vidonda mdomoni, kisha uboho unashindwa kutengeneza damu, na anaweza kufa. Asidi foliki ya miligramu 5 humezwa siku nyingine. Damu, ini na figo vipimwe kabla ya kuanza na mara kwa mara baadaye. Mjamzito haimezi kabisa, na pombe inaongezea ini mzigo.

Bactrim (kotrimoksazoli), antibiotiki ambayo watu hupewa kwa kikohozi au kuhara, pamoja na metotreksati huweza kuua uboho. Taja metotreksati kabla muuguzi hajaandika chochote.