Kaliba ya bunduki ni nini, na "masafa marefu" huishia wapi kwa mwindaji wa wanyama wakubwa?

Kaliba ni upana wa tundu la mtutu wa bunduki. Hupimwa kwa milimita au kwa sehemu za inchi: bunduki ya .375 ina tundu la takriban milimita 9.5, na ya .30 ina milimita 7.62. Wengi wakisikia namba hizo hudhani wameshajua nguvu ya bunduki, na hapo ndipo wanapopotea.

Chukua AK-47, ambayo kila anayefuatilia habari za wizi wa mifugo kule Baringo na Turkana anaifahamu. Ni ya milimita 7.62. Bunduki ya kuwindia ya .30-06, ambayo risasi yake ilianza kutumiwa na jeshi la Marekani mwaka 1906, nayo ni ya 7.62. Sasa ziweke risasi zao mezani, moja kando ya nyingine. Ganda la risasi ya AK lina urefu wa milimita 39, la .30-06 lina 63. Ganda ndilo linalobeba baruti, na baruti ndiyo inayosukuma. AK hurusha kichwa cha risasi cha gramu 8 hivi kwa kasi ya mita 715 kwa sekunde. Ile nyingine hurusha kichwa cha gramu 11.7 kwa mita 820 kwa sekunde, na ukipiga hesabu, nguvu yake inakaribia kuwa maradufu. Kaliba ni ileile, lakini kazi ni mbili tofauti kabisa. Ndiyo maana ndovu anayemiminiwa risasi za AK na majangili mara nyingi huondoka na majeraha, akaenda kufia mbali kwa mateso. Huo ni unyama, na anayezielewa bunduki anauona vizuri zaidi kuliko mtu mwingine yeyote.

Hapa Kenya uwindaji wa starehe ulipigwa marufuku mwaka 1977, na Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013 bado inaukataza. Lakini elimu yenyewe haijapitwa na wakati. Kiboko akianza kuwatisha watu kando ya ziwa, iwe ni Dunga au Homa Bay, wanaopigiwa simu ni askari wa KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, na ikibidi mnyama auawe, lazima mtu awe anajua anachokifanya. Tanzania, Namibia na Afrika Kusini huwinda kwa leseni, na vijana wetu wanaosomea wanyamapori watakutana na mambo haya kazini.

Wazee wa uwindaji hawakutegemea bunduki moja. Theodore Roosevelt, akiwa ametoka tu kwenye urais wa Marekani, alikuja kuwinda huku mwaka 1909. Alipita Londiani, akavuka nyanda za Uasin Gishu hadi mto Nzoia, na mwishoni mwa mwaka akapanda meli Kisumu kwenda Uganda. Miongoni mwa bunduki zake kulikuwa na Springfield ya .30, Winchester ya .405, na Holland & Holland ya mitutu miwili, kaliba .500/450. Ile nyepesi inawafaa swala na kongoni waliosimama mbali uwandani. Ile nzito ni ya mnyama mkubwa anayeweza kukugeukia karibu. Mpaka leo sioni mgawanyo ulio bora kuliko huo.

Basi masafa marefu ni umbali gani? Watu hutaja mita 400, 600, hata 1,000, kwa sababu darubini za siku hizi humleta mnyama karibu na jicho. Darubini haiileti risasi karibu. Ile .30-06 ikifika mita 400 imebakiwa na takriban nusu ya nguvu iliyotoka nayo mtutuni. Kama umeirekebisha ipige katikati kwa mita 200, kwa mita 400 itakuwa imeshuka zaidi ya nusu mita. Upepo wa pembeni wa kilomita 16 kwa saa, ule wa kutikisa majani tu, utakuwa umeisukuma zaidi ya sentimita 30. Na safari yenyewe inachukua zaidi ya nusu sekunde; kongoni aliyekuwa ametulia anaweza kuinua mguu akasonga hatua moja, na risasi uliyoilenga mapafuni ikaingia tumboni.

Sehemu ya moyo na mapafu ya kongoni ni kama sahani ya wali, sentimita 20 hadi 25. Mpigaji ambaye risasi zake hutawanyika sentimita 5 kwa mita 100 ni mzuri. Kwa mita 400 mtawanyiko huo unakuwa sentimita 20, yaani sahani nzima imejaa kabla hujahesabu upepo, pumzi iliyopanda, wala mkono uliochoka. Masafa yako marefu ni pale ambapo kila risasi yako bado inaingia kwenye sahani hiyo, ukiwa umepiga magoti porini na si umeegemea meza ya uwanja wa shabaha. Kwa watu wengi umbali huo haufiki mita 300, na bunduki ya bei ghali haiuongezi sana. Bunduki yenye mateke makali inaweza hata kuupunguza, kwa kuwa bega linaanza kuogopa na kidole kinavuta kifyatulio kwa mshtuko.

Kichwa cha risasi nacho kina neno lake. Chenye ncha laini hufunguka kikiingia mwilini, kikaacha njia pana na kumwangusha mnyama haraka. Lakini vingi vya aina hiyo vinahitaji kasi isiyopungua kama mita 550 kwa sekunde ili vifunguke sawasawa. Vikifika vimechoka, hutoboa tundu dogo na kupita. Kuna vya shaba tupu, ambavyo mimi navipendelea, kwa sababu vile vya madini ya risasi (lead) hubaki vipandevipande katika matumbo yanayoachwa porini na kuwatilia sumu tumbusi. Halafu kuna kichwa kigumu kisichofunguka, cha kupenya mfupa na misuli ya ndovu au nyati. Kwa nyati, .375 H&H ya mwaka 1912 bado inaaminika kote Afrika, na hupigwa karibu, mara nyingi chini ya mita 100. Kumpiga nyati kwa masafa marefu ni kumjeruhi na kumwachia mwingine hatari hiyo kichakani.

Jambo la mwisho linawahusu hasa wanaofanyia mazoezi huku kwetu. Nakuru iko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na risasi haipungui kasi haraka. Bunduki iliyorekebishwa hapa, ikishushwa hadi mabonde ya chini ya kusini mwa Tanzania, itapiga chini kidogo. Kwa mita 200 tofauti haionekani. Kwa 400 ni sentimita chache. Kwa hiyo ukifika, piga kwanza risasi mbili tatu kwenye karatasi kabla ya kuingia porini.