Swali Ambalo Mgombea Udiwani Hatamani Uliulize

Ukihudhuria midahalo ya wagombea udiwani kwa miaka mingi, hasa katika mitaa ya mjini inayobadilika haraka, unafika mahali unautabiri mdahalo kabla kipaza sauti hakijawashwa. Mpangaji wa siku nyingi atalalamika kwamba pango limepanda na nusu ya majirani wake wamehama. Mwenye nyumba atakiri kwamba kiwanja chake kina thamani zaidi, ila kodi ya majengo nayo haikubaki nyuma. Aliyehamia juzi atakaa kimya mwisho wa ukumbi, akichelea kuambiwa kwamba yeye ndiye chanzo. Kisha wagombea: mmoja atashusha pango, wa pili ataleta maendeleo, wa tatu atarudisha usalama. Makofi. Watu wanatawanyika bila mtu kuuliza: hayo utayafanya kwa mamlaka gani?

Wengine huliona kama swali la kumtega mtu. Wapangaji wa Berlin wangewaambia vingine. Mwaka 2020 bunge la jiji hilo, ambalo pia ni jimbo, liliweka sheria ya kuzuia pango lisipande, na baadaye mwaka huohuo sehemu yake ya pili ikaanza kushusha pango lililokuwa juu mno. Aprili 2021 Mahakama ya Katiba ya Ujerumani ikaifuta sheria yote. Majaji hawakusema kwamba pango nafuu ni kosa. Walisema suala hilo lilikwisha kushikwa na sheria ya shirikisho, kwa hiyo jimbo halikuwa na mamlaka nalo. Wapangaji waliokuwa wamepunguziwa wakakabiliwa na madai ya kulipa tofauti ya miezi iliyopita.

Chicago nako kuna funzo, na lenyewe lina pande mbili. Sheria ya jimbo la Illinois ya mwaka 1997 inazikataza serikali za mitaa kuweka ukomo wa pango. Mgombea wa baraza la jiji anayeahidi huko kwamba atashusha pango, ama haijui sheria hiyo, ama anaomba wewe usiijue. Anachoweza kuahidi kwa haki ni kwamba atawabana wabunge wa jimbo waiondoe. Lakini mtu huyohuyo asiye na nguvu juu ya pango ana nguvu kubwa sana juu ya ardhi. Jiji lina kata 50, kila moja na mjumbe mmoja, na kwa miaka mingi desturi imekuwa kwamba ombi la kubadilisha matumizi ya kiwanja likiletwa barazani, wajumbe wengine humfuata mwenye kata. Mwaka 2019 meya mpya, Lori Lightfoot, alisaini amri siku yake ya kwanza ofisini kupunguza kauli ya wajumbe hao katika vibali vinavyotolewa na idara za jiji. Mabadiliko ya matumizi ya ardhi, ambayo hupita kwa kura ya baraza lenyewe, amri hiyo haikuweza kuyafikia.

Hapo kwenye ardhi ndipo ningependa tukae kidogo, kwa sababu ndipo wapiga kura wengi husinzia. Ramani ya matumizi ya ardhi ina rangi nyingi na lugha kavu. Lakini ndiyo inayosema hapa ni nyumba ya familia moja tu, pale ni ghorofa nne, kule ni karakana. Kiwanja cha karakana kikibadilishwa kuwa cha makazi ya ghorofa kumi, bei yake hupanda siku hiyohiyo, kabla hata tofali moja halijawekwa. Thamani hiyo mpya haikutokana na jasho la mwenye kiwanja. Imetokana na kura za madiwani. Kabla ya kura, baraza linaweza kudai kitu: sehemu ya nyumba iwe ya wapangaji wa kipato cha chini, nafasi ya zahanati, njia ya waenda kwa miguu. Baada ya kura, mkono umekwisha kufunguliwa. Vienna, Austria, waliliona hilo, na tangu 2019 kanuni za ujenzi za jiji zinaruhusu sharti kwamba katika miradi mikubwa kwenye ardhi inayobadilishiwa matumizi, theluthi mbili ya makazi yawe ya ruzuku.

Wapo wanaoamini dawa ni kuzuia ujenzi wote. Binafsi sikubaliani nao, ingawa hofu yao naielewa. Mtaa ukishatamaniwa na wenye pesa, kuzuia nyumba mpya hakuwazuii kuja; watazigombania zilizopo, na mpangaji dhaifu ndiye atakayeshindwa kwanza. Desemba 2018 baraza la jiji la Minneapolis, Marekani, lilipitisha kwa kura 12 dhidi ya 1 mpango ulioruhusu hadi nyumba tatu katika viwanja vilivyokuwa vya familia moja. Mabishano yalikuwa makali, na yaliendelea hadi mahakamani. Hata hivyo, mkazi yeyote alijua nani alipiga kura ipi.

Mwanasosholojia Ruth Glass alipoeleza mwaka 1964 namna watu wa tabaka la kati walivyokuwa wakiingia mitaa ya wafanyakazi ya London, alibuni neno la Kiingereza la kuitaja hali hiyo: gentrification. Sisi hatuna neno moja tulilokubaliana. Ndiyo maana kwenye mdahalo mgombea mmoja huita jambo lilelile maendeleo na mwenzake huliita kufukuzwa, nao wakabishana saa nzima juu ya jina.

Kuhusu usalama nitasema machache. Katika nchi nyingi polisi hawako chini ya diwani. Taa za barabarani na viwanja vya vijana mara nyingi viko chini ya halmashauri, basi mwulize kuhusu hivyo. Bajeti nayo ina mifano mizuri: Porto Alegre, Brazili, ilianza mwaka 1989 kuwapa wakazi nafasi ya kuamua wenyewe sehemu ya fedha za uwekezaji wa jiji. Mgombea anayesema atawashirikisha wananchi aeleze kama anamaanisha uamuzi wa namna hiyo, au kikao cha kusikilizwa tu.

Sikiliza pia vitenzi. "Nitahakikisha" na "nitapigania" havimfungi mtu. "Nitapiga kura ya hapana mpaka sharti hili liwemo" humfunga, maana unaweza kumfuata nalo. Kama anatetea kiti chake, muhtasari wa vikao upo. Unachosha kusoma, lakini kura zake zimo. Na mwulize ni nani wanaogharimia kampeni yake, kwa kuwa wajenzi wakubwa wana sababu ya kuipenda ramani kuliko sisi.

Zamu yako ya kipaza sauti ikifika, acha hotuba. Taja kiwanja kimoja ambacho kila aliye ukumbini anakijua, kisha uliza: kikiombewa ghorofa kumi, utadai nini kabla ya kura ya ndiyo, na ni kanuni ipi inayokuruhusu kudai? Atanyamaza kidogo. Usimsaidie kujibu.