Elektrodi ya kifuani: kunata ni kitu kimoja, kupima ni kingine

Kila mtu anapovalishwa kipimo cha moyo cha kwenda nacho nyumbani, hukosi kusikia kauli hii: "Elektrodi zimeshika vizuri, majibu yatakuwa sahihi." Anayeisema hupitisha kidole gumba kwenye kingo za elektrodi, yaani kile kibandiko cha kifuani chenye waya, akiona hazinyanyuki anaridhika. Wagonjwa nao wameidaka. Wakiambiwa mchoro wa siku ya nne hausomeki, wanashangaa: mbona sikukibandua hata mara moja?

Elektrodi ni mahali ambapo umeme wa mwili unakutana na umeme wa waya. Mwilini umeme hubebwa na ioni za chumvi, kwenye waya hubebwa na elektroni, na hakuna anayevuka kwenda upande wa mwenzake. Lazima pawepo pa kubadilishia, kama duka la fedha za kigeni mpakani. Katika vibandiko vingi vya ECG (mchoro wa umeme wa moyo) kazi hiyo inafanywa na kitufe kidogo kilichopakwa fedha na kloridi ya fedha, pamoja na jeli ya chumvi iliyo kati yake na ngozi. Basi. Duara la gundi linalokizunguka halipimi chochote.

Ushahidi uko kwenye historia yenyewe. Mwanzoni mwa karne ya 20, Willem Einthoven wa Leiden, Uholanzi, alikuwa akiwaketisha watu huku mikono yao na mguu mmoja vimezama kwenye vyombo vya maji ya chumvi. Hizo ndizo zilikuwa elektrodi zake. Gundi hakuna, na bado alipata michoro iliyo wazi, yenye mawimbi aliyoyapa herufi za P, Q, R, S na T tunazozitumia mpaka leo. Mwaka 1924 alipewa Tuzo ya Nobel. Haja ya kunata ilikuja baadaye, pale Norman Holter wa Montana, Marekani, alipotaka kumpima mtu akiwa katika shughuli zake. Mtambo wake wa kwanza, wa miaka ya 1940, ulibebwa mgongoni na ulikuwa na uzito wa karibu kilo 38. Mtu anayetembea hawezi kutembea na ndoo ya maji ya chumvi, ndiyo maana tukahitaji kitu cha kushikilia jeli mahali pake. Gundi ni mshikiliaji tu.

Na viwili hivi, gundi na jeli, haviharibiki pamoja. Chukua mtu anayeshinda ofisini penye kiyoyozi. Hewa ni kavu, ngozi ni kavu, gundi inang'ang'ania wiki nzima. Ukikibandua kibandiko chake unakuta jeli imekuwa utando mkavu, na ukinzani, yaani ugumu wa umeme kupita, kati ya ngozi na kitufe umepanda sana. Kimeshika barabara na hakipimi kitu cha maana. Sasa mchukue mwingine, anayefanya kazi juani Mombasa au Dar es Salaam. Jasho limelegeza kingo mpaka zimejikunja na kukusanya vumbi, ila katikati jeli bado ina unyevu, na jasho lenye chumvi limeilowesha ngozi chini yake. Kwa macho kibandiko hicho ni cha kutupwa. Kwa umeme, kwa saa hizo chache kabla hakijadondoka, kinaweza kuwa bora kuliko cha yule wa ofisini.

Ukubwa wa umeme wenyewe unaeleza kwa nini jambo hili si dogo. Umeme wa moyo unaofika kifuani ni kama milivolti 1. Mgusano wa fedha na kloridi yake una umeme wake wenyewe, takriban milivolti 220. Hatuuoni kwenye mchoro kwa sababu tunalinganisha elektrodi mbili zinazofanana, na zao zinafutana. Moja ikikauka na nyingine isikauke, au ukichanganya vibandiko vya aina mbili kifuani pa mtu mmoja, hazifutani tena: mstari wa msingi unayumba, na umeme wa ukutani wa hezi 50 unapata mlango wa kuingilia.

Kuna na ngozi. Tabaka lake la juu ni seli zilizokufa, jembamba mno, lakini ngozi ikinyooshwa hutoa milivolti kadhaa, yaani kuzidi moyo. Hapo gundi kali haikuokoi. Waya ukivutwa, kibandiko kilichoshika sana kinaivuta ngozi nayo. Madaktari wa moyo wanakijua vizuri kisa cha mtu anayepiga mswaki huku amevaa kipimo: mkono unakwenda na kurudi, na kwenye karatasi yanatokea mawimbi yanayofanana kabisa na mapigo ya hatari ya ventrikali, vyumba vya chini vya moyo. Mtu ni mzima, anasugua meno. Afadhali waya ukunjwe kitanzi na kitanzi hicho kibandikwe kwa plasta, ili mvuto uishie hapo.

Kwa hiyo maandalizi yanayolinda usahihi si kukandamiza kingo. Ngozi ioshwe kwa maji na sabuni, ikauke, isuguliwe kidogo kwa kitambaa kikavu, nywele zipunguzwe, na siku hiyo mtu asijipake mafuta kifuani. Hili la mafuta lina ugumu wake, maana kwetu kuoga bila kujipaka ni kama hujamaliza kuoga. Na pakiti ya vibandiko ikifunguliwa ikunjwe vizuri, kwa kuwa jeli huanza kukauka humo humo kabatini, kabla haijamgusa mtu.

Wanaoongeza plasta juu ya kibandiko kinachonyanyuka hawajakosea. Wameshughulikia gundi, na gundi nayo ina kazi yake. Ila kama ni siku ya nne au ya tano na mchoro umeanza kuyumba, dawa si plasta. Kivaliwe kibandiko kipya cha aina ile ile, kwenye ngozi iliyooshwa, na saa ya kubadilisha iandikwe kwenye daftari la mgonjwa, ili atakayesoma mchoro ajue kwa nini mawimbi yamebadilika umbo kidogo kuanzia hapo.