Je, wajua kwa nini damu ya chooni huwa nyekundu kwa mmoja na nyeusi kwa mwingine?

Rangi hueleza damu imetoka mbali kiasi gani. Ya karibu na njia ya haja kubwa haijapata muda wa kubadilika: ni nyekundu ang'avu, hudondoka baada ya choo au huishia kwenye karatasi. Ya juu zaidi kwenye utumbo mpana huelekea rangi ya damu ya mzee na huchanganyika na kinyesi. Iliyovuja tumboni, kwa mfano kwenye kidonda cha tumbo, hukutana na asidi, kisha vimeng'enya na bakteria huivunjavunja njiani. Hutoka nyeusi, inanata kama lami, na inanuka vibaya kuliko choo cha kawaida.

Vidonge vya madini ya chuma navyo huleta choo cheusi, ila hakinati wala hakinuki hivyo. Bitiruti hukitia wekundu. Na kidonda cha tumbo kikivuja kwa kasi, damu hupita kabla ya kugeuka na kutoka nyekundu. Mgonjwa huyo kwa kawaida ameshalegea.

Bawasiri ya ndani, yaani mishipa ya damu iliyovimba ndani ya njia ya haja kubwa, hutoa damu bila maumivu, kwa kuwa sehemu ile haina neva za kuhisi uchungu. Mpasuko wa ngozi ya njia ya haja kubwa ni kinyume chake: hukata kama wembe na huendelea kuwaka hata kwa saa kadhaa. Mtu akiogopa uchungu hubana choo, choo hukauka, kikipita huchana palepale. Dawa ni kulainisha choo: maji ya kutosha, na nyuzinyuzi gramu 25 hadi 30 kwa siku, ziongezwe taratibu maana zikija kwa pupa hujaza gesi. Kukalia maji ya uvuguvugu dakika 10 hadi 15 hulegeza msuli uliokaza. Simu ibaki nje ya choo. Kukaa muda mrefu huvimbisha mishipa.

Kosa kubwa ni kuiita kila damu bawasiri. Mtu anaweza kuwa na bawasiri na saratani ya utumbo kwa wakati mmoja. Damu inayojirudia, choo kilichobadilika kwa wiki kadhaa, kupungua uzito au upungufu wa damu usioelezeka vinahitaji kipimo, hata kwa kijana. Daktari huanza kwa kidole chenye glavu, jambo la dakika moja hivi ambalo wengi hulikwepa kwa aibu, kisha huenda akaagiza kamera ya utumbo. Mtajie dawa zote, hasa aspirini, ibuprofeni na diklofenaki, ambazo huchubua tumbo. Dawa za kuzuia damu kuganda usiziache bila yeye kusema.

Choo cheusi cha lami, damu nyingi au yenye mabonge, kutapika damu au kitu kama mashapo ya kahawa, kuzimia, moyo kwenda mbio na jasho la baridi: hapo ni hospitali saa hiyohiyo, na usiende peke yako.